Shafti ya Mzee Fanuel

Uingereza, 3 Machi 1997

Kwako Babu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, baridi tu. Goti lako linaendeleaje?

Kazi yangu imekwama. Maabara ya hapa ina mashine inayoyeyusha unga wa chuma kwa mwale wa leza, tabaka juu ya tabaka, mpaka kipande kinasimama. Mimi naieleza kompyuta moto huo, nayo inatabiri kipande kitapinda kiasi gani. Kompyuta inasema kitajikunja kama samaki kwenye kikaango. Cha maabara kinatoka karibu kimenyooka.

Nafikiri kompyuta imekosea. Nakumbuka ulivyoijaza ile shafti iliyolika, mhimili wa kinu cha posho cha mzee Fanuel pale Homa Bay: ulichomelea bila kupumzika, na ikatoka imenyooka. Nataka kupunguza moto kwenye hesabu ili zilingane na kipande cha maabara. Profesa amenipa mpaka Juni, nikishindwa narudi bila digrii. Nimekumbuka vizuri?

Mjukuu wako,
Phanice

Migori, 20 Machi 1997

Phanice, jino langu lililobaki,

Goti linauma, mdomo hauna shida. Mama yako Nyangi alipita na samaki, nimekula mpaka macho ya samaki.

Kwa hiyo Wazungu wamekuvusha bahari ukachomelee picha! Mimi najaza shafti tabaka juu ya tabaka tangu sitini na mbili, na hakuna aliyeniita profesa. Hiyo kompyuta isikutishe. Shafti ilitoka imenyooka kama mkuki. Punguza moto.

Babu yako,
Maroa, Fundi

Migori, 2 Aprili 1997

Phanice,

Salamu baadaye. Usipunguze kitu!

Tangu nitume ile barua hata ugoro haunikolei. Shafti ya Fanuel ilipinda. Kawaida nachomelea mstari mmoja, nageuza, nachomelea upande wa pili, halafu nakaa chini nanusa ugoro mpaka chuma kitulie. Siku ile ulikaa juu ya gunia la mahindi, miaka minane, unanitazama kama mimi ndiye niliyeleta moto duniani. Nani angekaa anuse ugoro mbele ya macho yale? Nikapiga moja kwa moja. Mama yako alipokuita ule, nikaitazama: imepinda kama mgongo wangu wa leo. Nikaipasha moto, nikainyoosha kwa nyundo kabla hujamaliza ugali. Fanuel akanipa jogoo. Nilimla, lakini hakushuka vizuri.

Kompyuta yako imesema kweli niliyoificha miaka kumi na saba. Sasa mtazame anayeendesha ile mashine. Yeye, si mashine. Lazima ana ugoro wake.

Babu yako,
Maroa

(Ufundi nimeufuta mwenyewe.)

Uingereza, 14 Juni 1997

Babu,

Natumaini goti limepoa. Barua yako ya kwanza ilifika nikapunguza moto. Ya pili ilifika nikaurudisha, nikaenda kukaa maabara na kitabu, najifanya nasoma.

Ni chai, Babu! Yule mzee wa mashine, kila baada ya tabaka kumi anaizima aende chai, na chuma kinapoa. Hakuna aliyekuwa ameiandika popote. Nimeitia hiyo chai kwenye hesabu, na kompyuta na chuma sasa vinasema kitu kimoja. Profesa ametia sahihi.

Nakuja Agosti. Nitafutie gunia la kukalia, na wewe unuse ugoro wako mpaka ushibe. Nitangoja.

Mjukuu wa Fundi,
Phanice