Gitaa la Bati Ambalo Sikulifungua

Jumapili, Oktoba 1970. Magomeni, Mtwara.

Tangu asubuhi joto limeninata mwilini kama maji ya mabibo. Sikutoka. Nimeshinda chumbani na gitaa mapajani, na sitaki hata kuligusa nyuzi.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna wa kunisikia. Nimenunua gitaa bovu, na nilijua ni bovu siku ile ile niliyolinunua.

Hilo ndilo linaloniuma. Kuibiwa ningevumilia.

Bakari, kiongozi wa bendi yetu, alishaniambia wazi tangu Agosti. Bendi ina gitaa moja la mbao, na wapigaji ni wawili, mimi na fundi cherehani mmoja wa Chikongola. Harusi ya Msimbati inakuja, huko umeme hakuna, na gitaa la mbao humezwa na ngoma kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Atakayekuja na gitaa la bati, lile lenye sahani ya chuma tumboni linalopaza sauti bila umeme, ndiye atakayekaa mbele. Mwenzake atatikisa manyanga. Nina miaka minne kwenye bendi hii. Sikujifunza gitaa ili nizeeke na manyanga.

Gitaa la bati jipya ni la watu wenye mishahara minene. Sisi wengine tunangoja mabaharia. Ndipo mjomba wangu, kaka yake mama, akaniletea habari. Yeye anaendesha winchi bandarini, na kuna baharia alimwachia gitaa la bati. Bei ya kindugu, akasema.

Kununua gitaa rahisi la aina hii kuna kanuni zake, na mimi nazijua. Unaliinua jichoni kama bunduki, unachungulia shingo uone kama imepinda. Unatazama nyuzi zimeinuka kiasi gani, maana zikipanda sana vidole vitatoka damu. Unazungusha vikaza nyuzi kimoja kimoja. Unagonga sahani kwa kifundo cha kidole, unasikiliza kama kuna kitu kinacheza. Halafu unachukua bisibisi, unaifungua ile sahani. Sahani ni pambo tu. Kinachotoa sauti ni bakuli la bati jembamba lililolala chini yake, na kwenye magitaa ya bei ndogo bakuli hilo mara nyingi limebonyea, limepasuka, au halipo kabisa.

Nilifanya yote isipokuwa la mwisho.

Bisibisi ilikuwa mfukoni, nilikwenda nayo makusudi mpaka kwa mjomba Ufukoni. Nikaona vichwa vya skrubu vimeliwa, dalili kwamba kuna mtu alishafungua kabla yangu. Nikagonga sahani, ikaitikia kwa sauti ya mbao. Nikatia mkono mfukoni, na mjomba akaona. Pale barazani walikuwapo majirani zake watatu wanacheza bao.

"Mpwa wangu," akasema, taratibu tu, "nnakupa kitu nilichokikagua mwenyewe. Ngoma huipasui kuona sauti inakaa wapi."

Majirani wakacheka. Nikautoa mkono mtupu.

Kwetu sisi mtoto ni wa mjomba. Baba alinizaa, lakini mjomba ndiye aliyenipeleka jandoni, na ndiye atakayesema ndiyo au hapana siku nitakapotaka kuoa. Kufungua kitu chake mbele ya watu ni kumwita mwongo kwenye baraza lake mwenyewe. Basi nikaona aibu yake ni kubwa kuliko hasara yangu. Nikatoa akiba yangu yote, na nikamshukuru kwa mikono miwili.

Kinachonichekesha, kama hiki ni kicheko, ni kazi yangu. Mimi ni mpima korosho ghalani. Kutwa nachoma magunia ya watu kwa bambo, natoa korosho kiganja tele, nazipasua kwa kisu nione kama zimeoza ndani. Mtu akiniapia kwa Mungu kwamba mzigo wake ni safi, namjibu, "Naamini, mzee wangu, ila kazi ni kazi," na kisu kinashuka. Wiki iliyopita nilimrudisha mzee mmoja wa Nanguruwe na magunia yake yote, mbele ya wakwe zake. Alikuwa rika la mjomba. Sikumwonea haya hata kidogo.

Kumbe haya ninazo, ila nawagawia ndugu tu.

Jana tulikuwa na mazoezi. Bakari akanipa nafasi nianze peke yangu. Sauti ikatoka ndogo, ya kukwaruza, kama debe lenye mchanga. Wapiga ngoma wakatazamana. Bakari akaomba bisibisi, akafungua sahani mbele ya wote. Ndani hakukuwa na bakuli lolote. Kulikuwa na kipande cha mbao ya sanduku la chai, kimepigiliwa misumari miwili ya viatu. Hakunitukana. Alirudisha sahani, akakaza skrubu zote, akanipa manyanga.

Nikayatikisa mpaka mazoezi yakaisha. Nina hasira mpaka sasa.

Leo baada ya adhuhuri mjomba amekuja. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote, hakunipa nafasi. Alikaa kitandani, akalitazama gitaa bila kuligusa, akasema amesikia.

"Lile bati lilipasuka, nikalitoa mwenyewe," akasema. "Nilidhani utafungua. Ntu anayepasua korosho za watu, ashindwe kukagua gitaa? Ulipoacha nikajua umeridhika."

Nilitaka kumwambia kwamba ni yeye aliyenizuia. Alinitazama usoni, wala macho hayakumteleza.

"Usikae na hasara," akaendelea. "Kesho nnakuja na ntu wa Mikindani, anatafuta gitaa kama hili. Hajui mambo haya. Wewe kaa kimya, nitasema mimi."

Nikamjibu, "Haya, mjomba."

Ningependa kuandika kwamba nilijibu hivyo kwa heshima. Si kweli. Wakati anasema, nilikuwa nawaza kwamba pesa zikirudi nitapata jingine kabla ya harusi, na Bakari ataniweka mbele. Heshima sikuikumbuka kabisa. Tangu aondoke nimeisugua sahani kwa majivu na ndimu, na skrubu nimezipaka rangi vichwani zisionekane zimeliwa.

Alipokuwa anatoka alianza kunieleza huyo mtu wa Mikindani ni nani, mtoto wa nani, anakaa wapi.

Nilimwomba asinitajie jina lake.