Abaayo, Wanasema Tunacheza Tu

Abaayo Hibo,

Salamu utazipata nikipoa. Leo nina hasira, na mtu wa kwanza ninayemkasirikia ni wewe dada yangu, uliyeolewa ukaenda zako Tarbaj ukaniachia darasa la mieleka la wasichana kama mtu anayeacha mbuzi kwa jirani.

Unakumbuka lilivyoanza? Ukumbi wa shule hapa Garissa, mapazia yamefungwa wanaume wasichungulie, joto kama kawaida, na wewe ukipiga kelele kama kamanda. Ulitupanga mistari, tukarudia mbinu moja hadi tukachoka. Kisha siku ile Mwalimu Kaari, mgeni wetu kutoka Meru, akiwa amemkalia mwenzake, ukamwambia, "Futa mkono! Futa!" Ulitaka auvute. Yeye maskini akashika mkono wa mwenzake akaupangusa jasho kwa leso, taratibu kabisa. Tulicheka hadi tukalala kwenye mkeka. Wewe ulinuna, kisha ukasema, "Basi, mimi sisemi tena. Wewe ya chini, simama. Wewe ya juu, zuia yeye. Anzeni."

Tukaanza, na hatukurudi tena kwenye mistari. Kila siku ulituletea mchezo wenye lengo jipya: pita miguu yake, usikubali mgongo wako uguse mkeka, mshike asigeuke. Njia tulijitafutia wenyewe, huku mwenzako anakataa kwelikweli. Ukiona tumekwama, unalirahisisha lengo kidogo. Nilikupenda sana siku hizo, abaayo. Nilidhani kila mtu anaona ulichokuwa unafanya.

Hawaoni. Wazazi wanasema tunacheza tu. Juzi kamati ya ukumbi ilikuja kuangalia kama tunastahili kuendelea kuutumia. Mwenyekiti ni mama yake Sahra, yule msichana aliyekuja kwetu akiogopa hata kushikwa bega. Nilieleza mpaka koo likakauka. Kila nikitaja neno mchezo, naona nyuso zinakunjwa. Mwishowe mama akavua viatu, akamlaza Sahra chali, akamkalia kifuani kwa uzito wake wote. "Haya, toka."

Sahra alijikunja, akaingiza goti, akamsukuma kiunoni, akachomoka upande na kusimama. Nilitaka kupiga vigelegele. Nikasema moyoni, tumepona.

"Nani amekufundisha hiyo?" mama akamuuliza kwa lugha yetu, akihema.

"Hakuna, hooyo. Nilijipatia tu kwenye mchezo."

Sahra amelelewa asimdanganye mama yake. Na ni kweli, sijawahi kumwonyesha goti lile, na ndiyo sababu lilimjia lenyewe alipobanwa! Hilo nililisema kwa sauti, labda kubwa mno. Mama alitengeneza ushungi wake, akanitazama bila ubaya wowote.

"Kama hakuna aliyemfundisha," akasema, "wewe hapa unafanya nini?"

Majibu yote yamenijia usiku, ya nini sasa? Kamati iliamua tuuache ukumbi, mkutano ukamalizwa kwa dua kama vile hakuna aliyepoteza kitu, na ufunguo nimeukabidhi leo asubuhi. Sahra ameniuliza wiki ijayo tukutane wapi.

Mtandao ukishika huko kwenu, nipigie. Niambie wewe ungemjibu nini yule mama. Na usianze kwa kucheka.

Mdogo wako, ambaye bado hajapoa.