Pale Ulipoiacha Sindano

Discovery Gardens, Dubai
Jumanne

Kwa dada yangu mpenzi Amne,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai waraka huu utakukuta mzima, na mama naye goti limempa nafuu, anashuka ngazi bila kumlaani fundi aliyezijenga. Mimi mwili sijambo. Habari za moyo nitakueleza mbele. Najua utashangaa, mtu mnayeongea naye kwa simu kila Ijumaa ameanza lini kuandika barua. Ni kwamba kwenye simu wewe huniwahi kwa maswali, na mimi hujificha nyuma ya majibu. Leo nataka nimalize kusema kabla hujanikatiza. Junaid, yule wa duka la manukato la Al Rigga, anasafiri keshokutwa, naye ndiye atakayekuletea.

Nilipokwambia nimepata kazi jangwani ulicheka, ukaniuliza nimekwenda kupanda nini huko. Sikukueleza vizuri. Kuna madam mmoja msanii, jina lake Kawthar, ambaye hachori ukutani wala kwenye karatasi, anachora juu ya ardhi. Sisi watu ishirini hupiga vigingi, tukavuta kamba, tukapanga mawe meusi juu ya mchanga. Ukisimama pale chini huoni kitu ila mawe. Kamera ikirushwa juu ndipo unaona mchoro, mkubwa kuliko kiwanja cha mpira. Mwanzoni tulimcheka sana. Halafu siku moja nikajikuta nalinyoosha jiwe ambalo lilikuwa limeshanyooka, nikajua kazi imenishika. Nikakukumbuka wewe unavyofumua ushonaji wa asubuhi nzima kwa sababu ya kitobo kimoja kilichokaa upande.

Mchoro wake wa kwanza madam aliukataa mwenyewe. Alisema khalas, basi tena, mawe yote yang'olewe. Raed, msimamizi wetu, akatutangazia kwamba kazi ikisimama hivyo nusu yetu tutarudishwa ghalani Jebel Ali kubeba masanduku. Siku hiyo, saa ya chakula, nilikuwa nimevaa ile kofia ya viua vya vitobo uliyoichora na kuishona mwenyewe, ukanipa siku ya safari. Ulinipa ukaniambia niivae tu, nisimwazime mtu wala nisimruhusu mtu kuuiga mchoro wake. Madam aliiona, akaomba aitazame. Akaiinua juani, mwanga ukapita kwenye vile vitobo, maua madogo madogo yakamwangukia mkononi. Akauliza ni nani aliyeichora.

Amne, nilisema ni mimi.

Nilimwambia kwetu wanaume huchora na wanawake hushona tu, naye hakuwa na sababu ya kutoniamini. Ningeweza kukwambia niliogopa ghala, na kweli niliogopa. Lakini si hilo. Miaka minne hapa nimeitwa yalla, nimeitwa wewe, nimeulizwa namba ya kitambulisho. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimetengeneza kitu. Aliponiuliza, nilitaka jibu liwe ndiyo, hata kama ndiyo hiyo ilikuwa yako.

Tukaupanga mchoro wa kofia yako pale jangwani, wiki tano. Mimi ndiye nilikuwa naelekeza wenzangu, na jina langu likabandikwa kwenye kibao. Nilifurahi, sitakuficha. Nilitembea kama bwana harusi.

Ila kuna ile sehemu ya ukingoni, upana wa vidole vitatu, ambapo pana mistari ya penseli tu na hapana kiua hata kimoja. Madam alitaka kujua kwa nini pako wazi. Mimi najua kwa nini. Nilikuwepo sebuleni walipokuja kukupa habari ya ajali iliyomuua Nabhan, siku tisa kabla ya harusi yenu. Uliiweka sindano chini pale pale ulipofika, na hukuishika tena kofia hiyo mpaka siku uliyonipa mimi. Kofia ya bwana harusi, ambayo nyumbani kwetu mchoro wake haurudiwi kwa kichwa kingine. Nami nikamjibu madam kwamba huo ni mtindo wangu, kwamba huacha nafasi ili bahati ipate pa kuingilia. Jibu lilimpendeza mno. Akaagiza hatua thelathini za mchanga zibaki tupu.

Sasa wageni walioanza kuletwa kutazama husimama hapo kupiga picha, maana mchanga wake ni safi. Jumamosi walikuja bibi harusi na bwana harusi na nguo zao. Walisimama katikati yake wakicheka, mpiga picha akawaambia wasogeleane. Niligeuka upande wa pili nikalia, Amne, na Raed akadhani ni vumbi.

Jumapili nilimweleza madam kila kitu. Hakunifokea, laiti angefoka. Aliketi chini mchangani, akasema mchoro una mwenyewe na mwenyewe ndiye wa kuamua. Ukitaka, kibao kitaandikwa jina lako. Ukitaka, mawe yote yataondolewa, na atasema kwa nini. Anasubiri neno lako mpaka mwisho wa mwezi, kabla ya ufunguzi. Jina langu limeshatolewa. Mimi kesho naripoti ghalani, na sina wa kumlaumu.

Kofia nimempa Junaid, iko ndani ya mfuko wa kitambaa. Sikuthubutu kuifua. Msamaha wako nautaka, lakini sikuombi uutoe haraka kwa kunihurumia. Nijibu kwanza la mawe.

Mpe mama salamu zangu nyingi na umbusu mikono kwa niaba yangu. Haya mengine mwambie wewe ukiona inafaa. Wasalimie majirani wote wanaoniulizia. Mungu akulinde.

Wasalaam,
ndugu yako Famau, ambaye hata uzi hajui kuutia kwenye sindano.