Mistari Miwili ya Mahindi

Kalenga, Iringa

Kamwene, mjukuu na mume wangu Baraka. Huku tu wazima, na mahindi tumeshavuna.

Umeniuliza kwa nini akina mama wa wodini kwenu Mbeya wanakimbia ukiwaeleza utafiti wa dawa za saratani ya watoto. Mjukuu wangu, hata mimi nilikimbia. Baba yako alikuwa na miaka minne, taya limevimba, daktari akasema kuna dawa mpya iko kwenye majaribio. Kiswahili changu kilikuwa kidogo. Nikasikia majaribu, yale tunayomwomba Mungu asitutie. Nikambeba mwanangu mgongoni mpaka getini.

Nesi mmoja akanifuata, akaniuliza kwa Kihehe mbegu mpya tunaipandaje. Nikamwambia tunapanda mstari mmoja kando ya mbegu tuliyoizoea, tuone.

“Na mnapalilia mstari upi?”

“Yote miwili.”

Akanishika mkono, tukarudi.

Mpaka leo sijui baba yako aliwekwa mstari upi, wa dawa mpya au wa ile iliyozoeleka. Najua alipaliliwa. Kwa hiyo akina mama hao waulize kwanza wanalima nini.

Baba yako yuko uani anapukuchua mahindi, analalamika chai haina sukari. Namwacha alalamike.

Bibi yako