Nilipeleka mbegu maabara kwenye barafu

Ijumaa. Mvua ya asubuhi imekatika, Ujiji yote inanuka udongo, na mimi tangu nitoke hospitali nacheka peke yangu njiani.

Majibu yangu ni mazuri.

Ngoja niandike tena nijisikie. Majibu yangu ni mazuri.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mke wangu ni Mariamu, ndoa ina miaka mitatu, mtoto hatujapata. Mariamu alishapimwa kila kitu, wakamwambia hana shida. Mama yangu hakuamini. Alishapanga kwenda Kasulu kuongea na wazazi wa Mariamu, yaani arudishwe kwao, mimi nioe mwingine. Ambaye alikuwa hajapimwa ni mimi, na hakuna aliyeniuliza. Na mimi nikauchuna.

Mwezi uliopita nikajitoa mhanga, nikaenda.

Mtaalamu wa maabara ni mama wa makamo, mpole. Akanipa kikopo, akaanza kunielekeza. Aibu ikanishika. Nikamkatisha, "Nimeelewa mama, nimeelewa," nikatoka mbio. Choo chao kilinishinda, watu wanagonga mlango kila saa. Nikaona bora mbegu nizitolee nyumbani, nizilete.

Sasa mimi kazi yangu samaki. Nanunua migebuka mwaloni, napanga kwenye deli la barafu, natuma Tabora. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza mwenyewe kwenye simu, na samaki wangu wanafika macho yanang'aa. Kichwani mwangu kitu kisichotakiwa kuharibika kinawekwa kwenye barafu, basi. Kikopo nikakizika katikati ya barafu, nikafunga deli, nikapanda bodaboda nimelikumbatia.

Majibu yakaja: mbegu zipo za kutosha, ila karibu zote hazitembei.

Daktari akasema kipimo kimoja hakitoshi, nirudie baada ya wiki chache. Hilo sikulisikia. Nilichosikia ni hazitembei.

Nilimwambia Mariamu siku ileile. Alikuwa anachambua mchele. Akatupa kijiwe, akasema, "Sasa na wewe tukurudishe kwa nani?"

Nilicheka. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kama mtoto.

Juzi nimeenda kuchukua kikopo cha pili. Yule mama akaniuliza cha kwanza nilikileta vipi. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa.

"Kwenye barafu, mama. Hakikuguswa na jua hata kidogo."

Akaweka kalamu chini. "Barafu ya wapi?"

"Ya samaki. Ila safi."

"Mwanangu, si ungeleta na ndimu kabisa."

Alicheka mpaka akavua miwani. Ndipo akaniambia yale niliyoyakimbia mwanzo: baridi kali inazifanya zisimame, zinatakiwa joto la mwili, kikopo kikae ndani ya nguo, kifike maabara ndani ya saa moja. Safari hii nimesikiliza mpaka akamaliza, na nikarudia mbele yake.

Leo kikopo kimesafiri kwapani, ndani ya jaketi. Dereva wa boda akaniuliza kama nimevunjika mbavu.

Nilimwomba yule mama nichungulie hadubini, akanikubalia. Dah. Zinakimbia. Zinapishana kama dagaa wakimulikwa taa. Nikamuuliza hizi ni zangu kweli.

"Za nani tena? Toa kichwa nifanye kazi."

Mariamu nilimkuta jikoni. Nikamwambia yote, mpaka ya ndimu. Alicheka akakaa chini. Kisha akauliza taratibu, "Mama utamwambia?"

Nikasema ndiyo, sasa hivi. Akarudi kwenye sufuria.

Mimi huwa nawahi kufurahi kuliko kufikiri. Nilishashika simu ndipo nikaona anachokiona yeye. Mama akisikia mimi mzima, Kasulu anaenda kesho. Afya yangu inageuka kesi ya Mariamu, wakati yeye majibu yake mazuri yalitoka kabla ya yangu.

Nikapiga.

"Mama, shikamoo. Mimi na Mariamu tumepimwa wote wawili. Wote wazima."

"Marahaba. Kwani na wewe ulipimwa?"

"Tumepimwa, mama. Daktari anasema tuendelee kujaribu, na kama bado, turudi pamoja."

Nikasikia kuku wake wanapiga kelele kule.

"Kwa hiyo Kasulu nisiende?"

"Nenda mama. Kawasalimie."

Akaguna. Akauliza bei ya dagaa, tukaagana.

Mtoto atakuja lini, sijui. Nilichukue wapi jibu hilo? Ila muda wote naongea, Mariamu alikuwa amezima redio kule jikoni, anasikiliza. Nilipokata simu akaiwasha, akaongeza na sauti.