Many na Much kwenye Chumba cha Mashuka

Jumatatu, 4 Machi
Leo sasa! Dada wa Mapokezi kaja huku nyuma baada ya chakula cha mchana, nikadhani kaja tukunje mashuka. Shuka la hoteli hukunji peke yako. Siku zote alikuwa anashika pembe zake, mimi zangu, tunasogeleana mpaka vidole vinagusana. Kumbe kaja kumfundisha Dereva Kiingereza. Meneja kasema dereva asiyeweza kuongea na wageni aage kazi mapema. Wamejifungia chumba cha mashuka. Mimi huku chumba cha pasi nimefunga pembe za shuka kwenye msumari, nimekunja na ukuta.

Jumanne, 5 Machi
Ukuta kati yetu ni wa mbao, nasikia kila kitu Dada anachofundisha. Kinachohesabika, many: taulo, funguo, wageni. Kisichohesabika, much: maji, sabuni. Mizigo nayo much — ajabu, luggage hawahesabu, wanahesabu mabegi! Dereva kasema many water. Dada kacheka mpaka kakohoa. Mimi sijawahi kumchekesha hata kidogo. Mama wa Mashine, yule anayefua, kaniambia niangalie pasi, nisije nikaunguza shuka za watu kwa wivu. Wivu gani? Nikamwambia ni joto tu. Eti joto hilo halitoki kwenye pasi, mwanangu.

Alhamisi, 7 Machi
Leo few na little. A few keys, funguo chache; a little soap, sabuni kidogo. Nilikuwa najibu kimoyomoyo huku napiga pasi. Zote nimepata. Dereva zote kakosa. Mtu mzima, kichwa tofali! Na manukato yake — shuka safi zinanuka yeye.

Ijumaa, 8 Machi
Nimepeleka taulo mbele. Dereva alikuwa anapokea wageni, mama mmoja na binti yake, akauliza: How much luggage, madam? Only a few bags? Yaani Kiingereza kimeteleza tu, much na few kila moja mahali pake! Kumbe mshenzi anajua! Anakosea makusudi darasa lisiishe! Nimemfuata kwenye gari. Hata hakubisha. Kasema, mdogo wangu, ukishajua unafukuzwa darasani. Kanipiga begani, kacheka.
Nikamsemee kwa Dada? Ataona nina roho mbaya. Ninyamaze? Donge hili litaniua.

Jumamosi, 9 Machi
Nimegonga mlango! Mimi! Nikasema nami nataka kujifunza. Dada kafurahi kweli, karibu kaka, vuta ndoo ukae. Kauliza sabuni, nikajibu. Funguo, nikajibu. Mizigo, nikajibu mpaka mabegi. Dereva ananikanyaga mguu chini kwa chini. Nikajua ni gere tu, nikaongeza sauti. Jasho linanitoka, sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele yake.
Dada kapiga makofi. Kasema afadhali jamani, amechoka na huyu wa many water, kila siku kichwa kinamuuma. Kuanzia leo mimi ndiye mwalimu wa Dereva. Dada mwenyewe anawahi, kuna mtu anamsubiri getini. Kachukua mkoba. Kaondoka!
Tumebaki wawili. Dereva kauliza, mtu gani huyo? Sijui, kaka. Si wewe unayeona kila kitu? Sijui!
Kajiinamia, anaangalia viatu vyake. Mimi naandika hapa hapa kwenye ndoo, nisimwangalie. Getini pikipiki imewaka. Dada anacheka — kicheko kile kile cha mpaka akohoe.
Dereva kasema haya, mwalimu, uliza basi —