Ombi Langu la Jumatano

Tolliver Fork,
West Virginia.
Alhamisi, 21 Novemba 2019

Mpendwa mwanangu Roslyn,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na natumaini barua hii itakukuta umekula na umelala. Nasema hivyo kwa sababu nakujua. Ukiwa na jambo moyoni, hivyo viwili ndivyo unavyoviacha kwanza. Sisi hapa ni wazima. Goti langu la kushoto linanisumbua nikisimama sana jikoni pale shuleni, lakini watoto mia mbili wenye njaa hawawezi kungoja goti la mtu. Baba yako mkubwa Odell anakohoa kidogo, na nikimwambia avae kofia ananiuliza hicho kichwa ni cha nani.

Baridi imeshaingia. Msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa Jumatatu, na kama kawaida shule itafungwa wiki nzima. Odell amesugua meza ya banda la nyuma anapowakatia wawindaji nyama yao, amenoa visu vyote na kukata vile vikadi vya kufunga kwenye miguu ya kulungu wa watu. Ametundika hata aproni yako msumarini. Nilimwambia aitoe, maana inanitazama kila ninapokwenda kuchukua kuni. Akasema, "Kwani imekula nafasi yako?" Basi bado ipo.

Barua yako niliipata Jumamosi. Nilipoona umeandika kwa mkono nikajua kuna jambo, kwa sababu mengine yote hunitumia kwenye simu kwa maneno matatu. Nami nakujibu kwa mkono, na sababu yake nitakuambia mbele.

Nitakueleza lote, mwanangu, uniwie radhi. Sikuisoma barua yako kwa utaratibu. Jicho langu lilikwenda mwisho kabisa, pale uliposema, "Nimechoka, Mama Mkubwa. Nataka kurudi nyumbani." Sikusoma kilichotangulia. Nilipanda juu hadi chumbani kwako, nikafungua dirisha, nikalitoa lile blanketi la vipande alilolishona mama yako, nikalikung'uta, nikatandika kitanda. Nilikuwa naimba. Odell aliniita kutoka chini, "Verna, nani kafufuka?" Nikaketi juu ya kitanda chako, na hapo ndipo nikaisoma barua kuanzia mwanzo.

Nikasoma kwamba kililetwa maabara unakojifunzia kipande kutoka chumba cha upasuaji, nyama ya titi la mama mmoja usiyemjua. Daktari mpasuaji alikuwa ameshonea nyuzi mbili kama wafanyavyo, uzi mfupi kuonyesha upande wa juu na uzi mrefu kuonyesha ubavuni, ila safari hii nyuzi zilikaribia kulingana. Wewe hukuuliza. Ulipaka wino wako wa kutambulisha pande, buluu pale ulipodhani ni juu, kijani chini, na rangi nyingine kwenye kingo zilizobaki. Bi. Halvorsen anayewasimamia akaja akasimama nyuma yako.

"Nani amekuambia juu ni hapa?"

"Nilidhani hivyo."

"Ugonjwa ukionekana umefika ukingoni, huyu mama atarudishwa kwenye meza ya upasuaji. Akatwe upande gani, ule uliodhani?"

Namshukuru Mungu alikuja mapema. Daktari aliitwa, akaonyesha juu ni wapi, kosa likarekebishwa, na yule mama hakupata dhara lolote. Lakini unasema tangu siku hiyo mkono wako unatetemeka ukishika kisu. Unasema umebakiwa na miezi michache tu umalize hiyo shahada, na huoni kama unastahili kuimaliza. Fomu ya kujitoa umeshaijaza, utaikabidhi Jumatatu baada ya Sikukuu ya Shukrani, na sikukuu yenyewe utakuja na masanduku yako yote.

Nilipoyasoma hayo niliumia kwa ajili yako. Na chini ya hayo maumivu kulikuwa na furaha. Sikufichi.

Unaikumbuka desturi yetu ya ibada ya Jumatano. Mchungaji Lyle anauliza maombi, mmoja anamtaja mgonjwa wake, mwingine anataja kazi ya mumewe, na mwenye jambo asiloweza kulisema anainua mkono tu. Tunaliita ombi la kimya, na kanisa zima linaliombea bila kulijua. Basi tangu Agosti ya mwaka jana, ulipoondoka hapa na kile kigari chako kimejaa hadi kioo cha nyuma hakionekani, mimi nimeinua mkono kila Jumatano. Bi. Idella alidhani Odell amerudia pombe. Aliniletea supu ya kuku siku mbili mfululizo, na kila mara akimtazama mume wangu machoni na kumnusa. Odell akala supu yote asijue anachunguzwa.

Ombi langu lilikuwa urudi. Sikuomba ushindwe, neno hilo halikunitoka. Lakini ungerudije kabla ya kumaliza, kama si kwa kushindwa? Mungu alijua ninachomwomba, hata kama mimi nilijifanya sijui. Na niliwaingiza watu wa Mungu thelathini na wawili katika jambo hilo, wote wamefumba macho.

Unisamehe, Roslyn. Nyumba hii imekuwa kubwa. Ile ngazi ya tatu inayolia ukiikanyaga hailii tena, kwa sababu mimi na Odell huiruka na wewe tu ndiye uliyekuwa ukiikanyaga kwa makusudi. Bado natoa sahani tatu, halafu moja nairudisha kabatini. Ukiwa shuleni hapa mjini nilikuona kila adhuhuri kwenye foleni ya chakula, nikikuongezea viazi wenzako wakilalamika. Sasa kila msichana akifika mbele yangu na nywele za rangi ya yako, kijiko kinazidisha chenyewe.

Watu wananiuliza unasomea nini. Bi. Idella alisema, "Anawapamba maiti, si ndiyo?" Nikamwambia hapana, ingawa maiti nao wamo katika masomo yenu. Nikamwambia, daktari akikutoa kitu mwilini, wewe Idella, kile kibofu chako cha nyongo, unadhani kilikwenda wapi? Kuna mtu alikipokea, akakipima, akakieleza kwa maneno, akakikata vipande vidogo, ndipo daktari wa patholojia akavitazama kwa hadubini. Kazi ya mtu huyo ndiyo anayosomea Roslyn. Akajishika ubavu, akasema, "Laiti ningemwachia kitu kizuri zaidi cha kutazama."

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niushushe ule mkono wangu wa Jumatano.

Baada ya kutandika kitanda nilitaka nikuandalie ile keki ya tabaka za tufaha ya mama yako, ile uliyokuwa ukiililia. Nikalishusha kopo lake la mapishi. Unajua marehemu Nadine hakuwahi kutupa karatasi yenye upande mmoja mtupu. Nikaipata keki imeandikwa kwa mwandiko wake, unga kiasi gani, sukari ya miwa kiasi gani, tufaha zilizokaushwa. Nikaigeuza nione kama kuna zaidi. Nyuma yake ni majibu ya maabara ya lile titi lake lililougua, ya mwaka 2003, ulipokuwa na miaka tisa.

Nimeiona karatasi hiyo mara nyingi nikiwa nimeigeuza upande wa keki. Upande ule mwingine sikuwahi kuusoma. Mimi niliishia darasa la kumi na maneno yale marefu huniogopesha. Lakini safari hii nilikuwa nimetoka kuisoma barua yako, na nikaona maneno yale yale. Uzi mfupi, uzi mrefu. Juu buluu, chini kijani, nyuma nyeusi. Halafu ikaandikwa hivi, nakunakilia kama ilivyo: "Nyuzi zinakaribia kulingana urefu. Daktari mpasuaji ameitwa, amefika, amethibitisha upande wa juu." Mwishoni kuna herufi mbili, T.W.

Nilikaa sakafuni jikoni na goti langu hili.

Unakumbuka walivyotuambia, kwamba ugonjwa umebaki upande wa nyuma peke yake. Wakamrudisha, wakakata hapo nyuma wino ulipoonyesha, basi. Tulibaki naye miaka sita zaidi, mwanangu. Alikufundisha kuendesha gari ile barabara ya kanisani. Alikushonea gauni la kijani. Miaka yote hiyo nimewaombea madaktari wake kwa majina, nimewaombea wauguzi, hata mama wa mapokezi aliyekuwa mkali. T.W. sikuwahi kumwombea hata siku moja, kwa kuwa sikujua kwamba yupo. Naye alikutana na tatizo lile lile lililokukuta wewe. Pengine alikuwa mgeni pale, pengine daktari alikuwa mkali na kumwita ni kujitafutia matusi. Akamwita.

Sina elimu ya kukufundisha kazi yako. Hilo tu nimelisoma na nimelielewa. Kosa lako halikuwa mkono, ni kuona aibu ya kuuliza, na aibu hiyo uliitoa kwangu. Mimi ndiye niliyekulea usiwasumbue wakubwa. Wasumbue. Mpigie daktari simu hata kama yuko mezani anakula.

Jana Jumatano nilikwenda kanisani. Mchungaji alipofika kwangu akasema, "Dada Verna, lile la kimya bado lipo?"

Nikasimama. "Lipo, Mchungaji, ila nilikuwa naliomba vibaya. Naomba kanisa liliache."

Bi. Idella akageuka kwenye benchi lake. "Miezi kumi na tano, Verna? Tuliache hivi hivi? Mimi hadi nimefunga nisile kwa ajili yake."

"Na supu yako umpe mwingine," Odell akamwambia.

Watu wakacheka, nami nikacheka machozi yakinitoka. Kisha nikalitaja. Nikasema naomba binti yangu Roslyn abaki huko aliko hadi amalize. Sauti ilikatika kwenye neno "abaki," nikalirudia ili lisikike. Nikasema pia tumwombee mtu anayeitwa T.W.

"Huyo ni wa kanisa gani?" akauliza Idella.

"Sijui."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Sijui, Idella. Alimpaka Nadine wino."

Mchungaji akaliandika kwenye orodha. Nimeiona kwa macho yangu imebandikwa mlangoni: Roslyn, abaki. T.W., wa wino.

Kwa hiyo nakuomba, fomu hiyo ichane. Na Sikukuu ya Shukrani usije. Imeniwia vigumu kuyaandika maneno hayo, nimeweka kalamu chini mara mbili. Lakini ukinijia na masanduku yako mlangoni nitakupokea, na nikishakupokea sitakuachia, najijua. Ndiyo sababu sikukupigia simu. Nikiisikia sauti yako mdomo wangu utasema njoo. Mkono naweza kuuzuia.

Odell anataka nikuandikie hili, na amesimama hapa ahakikishe. Anasema umkumbuke yule kulungu wa familia ya Cutlip, mwaka yeye Odell alipochanganya vikadi akakaribia kumpa mtu nyama ya mwenzake. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, ukamwambia, "Baba Mkubwa, huyu mguu wake una kovu, si wa kadi hii." Anasema, "Mwambie siku ile yeye ndiye aliyesimama nyuma yangu, na sikuacha kazi." Halafu akaongeza kwamba kulungu hakulalamika.

Wanakusalimu wote. Mchungaji Lyle na mkewe wanakukumbuka. Bi. Idella anakusalimu na anasema kibofu chake cha nyongo kilikuwa cha heshima, usisikilize la mtu mwingine. Wasichana wa jikoni shuleni wanauliza utakuja lini, nami nimewajibu. Mpe salamu zangu Bi. Halvorsen. Mwambie kuna mtu huku anamshukuru kwa kusimama nyuma ya watu.

Bwana akushike mkono huo unaotetemeka, ukishika kisu na ukishika simu, akulinde barabarani na theluji, akulaze usingizi mwema na akurudishe kwetu kwa wakati wake, si kwa wakati wangu.

Ni mimi mama yako mkubwa, nikupendaye zaidi ya ninavyojua kuandika,

Verna

N.B. Karatasi ya mama yako nimeitia humu bahashani, yenyewe, si nakala. Iweke pale unapofanyia kazi, upande wa T.W. ukikutazama. Upande wa keki sikuunakili, na vipimo sivikumbuki. Kwa hiyo Krismasi uje nayo, tuoke. Kitanda nimekiacha kilivyo, kimetandikwa kwa ajili ya siku nne tu za Krismasi. Siku ya tano nitakufungia kipande cha keki cha njiani, urudi masomoni.